Mnakili Asiye na Jina: Marekebisho kama Matini katika Kamusi Elezo Huru ya Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuipokea matini ikiwa imekwisha kukamilika. Diwani huletwa mezani ikiwa na jalada, jina la mtunzi, mwaka wa kuchapishwa na, aghalabu, utangulizi wa mwanazuoni aliyeihariri. Yaliyotendeka kabla ya hapo, yaani maneno yaliyofutwa, beti zilizohamishwa na tahajia zilizogeuzwa, hayaonekani, na kwa kuwa hayaonekani hayahakikiwi. Makala haya yanachunguza maandishi ya aina nyingine ambayo idara za fasihi zimeyapita kimya kwa zaidi ya miaka 20: kamusi elezo huru ya Kiswahili, Wikipedia, iliyoanzishwa katika intaneti mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Maandishi hayo hutungwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea wasiolipwa chochote, wengi wao wakijulikana kwa lakabu tu. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba matini halisi ya kamusi hiyo si yale anayoyaona msomaji anapofungua ukurasa, bali ni historia ya marekebisho yake. Historia hiyo ikisomwa kwa makini inafufua mzozo wa tangu zamani katika maandishi ya Kiswahili, nao ni huu: nani ana haki ya kusahihisha, na kwa idhini ya nani?

Yafaa kwanza kueleza jinsi kazi hiyo inavyotendeka, kwa kuwa wasomaji wengi wa kamusi hiyo hawajawahi kuutazama upande wake wa ndani. Juu ya kila makala pana maneno machache: hariri, historia, majadiliano. Anayeingia katika historia hukuta orodha ya kila toleo la makala hayo tangu sentensi ya kwanza, pamoja na tarehe, saa, lakabu ya aliyebadilisha na, akipenda, maelezo mafupi ya sababu yake. Matoleo mawili yaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu, neno lililoondolewa likikabiliana na lililotiwa mahali pake. Rekebisho lolote laweza kutenguliwa na mtu mwingine, na utenguzi huo nao ukatenguliwa. Hivyo kosa likisahihishwa haliondoki duniani. Linashushwa daraja tu, likakaa chini ya toleo jipya kama tabaka la udongo chini ya jingine.

Istilahi za ndani ya kamusi hiyo zinastahili uchambuzi wa peke yake. Makala mafupi yasiyokamilika, ambayo Kiingereza huyaita kwa neno lenye maana ya kisiki, Kiswahili kimeyaita mbegu. Kisiki hutazama nyuma, kwenye kilichokatwa, ilhali mbegu hutazama mbele. Huo ni ubunifu wa watu waliokijua Kiswahili na kuthubutu. Wale waliopewa uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu wanaitwa wakabidhi, neno lenye harufu ya amana badala ya harufu ya ofisi. Sharti iongezwe, hata hivyo, kwamba mbegu nyingi za kamusi hiyo zimekaa ghalani miaka mingi bila kuona mvua.

Mnakili na haki yake

Wanaodhani kwamba maandishi yenye waandishi wengi wasiojulikana ni ajabu ya zama hizi hawana budi kurejea Lamu na Pate. Tenzi kongwe za Kiswahili zimetufikia kwa mikono ya wanakili. Matoleo ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hayalingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake, na William Hichens, alipoichapisha mwaka 1939, alikuwa akichagua miongoni mwa nakala, si kuifuata nakala moja takatifu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Naye hakuwa mashine ya kunakili. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao, na mtu wa namna hiyo akikuta mizani imepungua huona ni wajibu wake kuitimiza.

Upande wa Mombasa, Mwalimu Sikujua ndiye aliyemkusanyia W. E. Taylor tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, kutoka katika kumbukumbu za wazee, pamoja na maelezo ya visa vilivyozaa baadhi ya mashairi hayo. Bila ya mkono huo wa pili, diwani iliyochapishwa na Hichens mwaka 1940 na uchunguzi wa Mohamed H. Abdulaziz wa mwaka 1979 zisingekuwa na mahali pa kuanzia. Lakini ni nani leo anayeweza kutenganisha kwa hakika neno la Muyaka na neno la mzee aliyemkumbuka Muyaka? Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwishoni mwa miaka ya 1960, tangazo hilo lilishangaza Paris. Kwa mnakili wa Lamu lisingekuwa habari mpya.

Hapa ndipo mhariri wa kujitolea anapokutana na mnakili, na hapo hapo ndipo wanapoachana. Wote wawili hurekebisha bila ya malipo makubwa wala jina kutajwa juu ya jalada. Ila mnakili alirekebisha kwa haki ya uenyeji: alikuwa mtu wa mji, alisikia tungo zikighaniwa, alijulikana na wasikilizaji wake, na akikosea angeumbuliwa barazani. Alama ya rekebisho lake ilipotea, lakini mamlaka yake yalijulikana. Kwa mhariri wa kamusi elezo mambo yamegeuzwa kinyume. Alama ya kila rekebisho imehifadhiwa mpaka nukta na mkato, ilhali mwenyewe hana mamlaka yoyote ila yale ya kitabu kilichochapishwa anachoweza kukitaja. Profesa wa fasihi na mwanafunzi wa kidato cha pili huingia kwa mlango mmoja, na profesa akisema tu kwamba anajua, rekebisho lake laweza kutenguliwa na mwanafunzi yule kwa haki kabisa.

Wapo wasomi wanaolichukia jambo hilo na kuliona ni utovu wa adabu. Huenda chuki hiyo ndiyo sababu mojawapo ya idara kujitenga. Ni kweli pia kwamba mlango uliofunguliwa kwa wote haukosi wageni wabaya. Mwaka 2005 wasifu wa mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, ulikaa kwa miezi kadhaa katika toleo la Kiingereza ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya Kennedy. Mwaka huo huo jarida la Nature lililinganisha makala 42 ya sayansi na yale ya Britannica, likakuta wastani wa makosa manne hivi kwa matatu. Tofauti ilikuwapo, lakini haikuwa ile ya mbingu na ardhi iliyotarajiwa.

Kusahihisha lugha, kufuta lugha

Toleo la Kiingereza lina makala zaidi ya milioni 6, na ugomvi mkubwa wa wahariri wake huhusu ukweli wa mambo. Toleo la Kiswahili ni dogo zaidi sana, na wahariri wake wa kudumu ni wachache mno. Anayeyafuatilia mabadiliko yake ya karibuni huona upesi kwamba sehemu kubwa ya jasho la wachache hao humwagika juu ya lugha yenyewe: upatanisho wa ngeli, tahajia, majina ya nchi, na sentensi zenye maneno ya Kiswahili lakini zisizo na pumzi yake.

Hata neno makala ni uwanja wa mapambano. Kamusi elezo husema "makala hii". Walimu wengi wa Kenya wangelichukua neno hilo na kulipiga wino mwekundu wakaandika "makala haya", kama jarida hili linavyofanya. Lakini neno hili ni la asili ya Kiarabu, na silabi ile ya kwanza si kiambishi cha wingi. Wenye "hii" wana historia ya neno upande wao, na wenye "haya" wana sauti na mazoea. Anayebadilisha moja kuwa jingine hajasahihisha kosa. Amehamisha mpaka wa shamba, na kesho yake mwenye shamba la pili ataurudisha.

Ugomvi huu una babu yake. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na mamlaka ya kuvipa vitabu ithibati ya usanifu, na usanifu huo ulijengwa juu ya Kiunguja. Mtunzi wa Mombasa au Lamu aliyepeleka mswada wake aliweza kurudishiwa Kiswahili asichokitambua kuwa chake. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walilizungumza jambo hilo katika Historia ya Kiswahili, mwaka 1977, na uchungu wake ungali unasikika katika kurasa zile. Yule mhariri wa kujitolea anayekuta "ndia" akaandika "njia", au akakuta "mato" akaandika "macho", hana ofisi wala muhuri, na nia yake ni njema. Hata hivyo anatekeleza uamuzi wa kamati ambayo pengine hajawahi kuisikia. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: Kamati haikuacha historia ya marekebisho wazi kwa msomaji. Kamusi elezo huacha. Lahaja iliyofutwa ingali pale, toleo la tatu kutoka chini, ikimngoja atakayeuliza.

Pia isidhaniwe kwamba wahariri hawa kazi yao ni kufuta tu. Katika makala ya sayari walichagua kutumia Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, majina ya wanafalaki na mabaharia wa pwani, pale ambapo ingekuwa rahisi kuyachukua ya Kiingereza na kuyatia irabu mwishoni. Hayo ni marekebisho ya kurejesha. Mwalimu wa shule aliyezoea orodha ya vitabu vya kiada ataona ni makosa, na huenda akayatengua kwa moyo safi.

Adui mkubwa zaidi wa lugha hiyo hakutoka barazani. Mwaka 2009 mambo mawili yaligongana. Kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika programu yake ya kutafsiri, na kampuni hiyo hiyo ikaanzisha shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuandika makala ya kamusi elezo ya Kiswahili kwa zawadi. Makala yaliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa mwaka 2010, waandishi wengi hawakuonekana tena, na wale wa kujitolea wakaachiwa shamba la kupalilia. Tafsiri ya mashine ina saini yake, na mhakiki wa mtindo huitambua kwa macho mawili: mwigizaji "anacheza jukumu", mtu aliyefariki "amepita mbali", mto una "benki" mbili, na kila mji duniani ni "moja ya miji". Nahau hizo hazina lahaja. Hazikuzaliwa popote.

Kwamba hatari hii si ya Kiswahili peke yake ilidhihirika mwezi Agosti mwaka 2020, ilipogunduliwa kuwa maelfu ya makala ya kamusi elezo ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana wa Marekani asiyekijua Kiskoti, aliyekuwa akibadilisha tahajia ya Kiingereza kwa miaka mingi akidhani anasaidia. Hakuwa mhuni. Alikuwa mtu wa kujitolea, mwenye bidii kuliko wote, na hapakuwa na msemaji wa lugha hiyo aliyesimama karibu kumwambia. Jambo hilo lina uzito zaidi leo, kwa kuwa maandishi ya kamusi elezo hutumiwa kuzifunzia programu za kompyuta lugha za watu. Lugha yenye maandishi mengi humeza kosa bila kudhurika. Kwa lugha iliyo na maandishi machache katika intaneti, kosa hufunzwa kwa mashine, na mashine hulirudisha kwa mwanafunzi likiwa limevaa kanzu ya usanifu.

Fumo Liyongo mbele ya mlinda lango

Kanuni kuu za kamusi elezo ni kwamba kila dai liwe na chanzo kinachoweza kuthibitishwa, kwamba mwandishi asilete utafiti wake mwenyewe, na kwamba asiegemee upande. Kwa makala kuhusu klabu ya kandanda kanuni hizi hazina tatizo. Kwa Fumo Liyongo ni shida tupu.

Mhariri anayeandika juu ya Liyongo huanza na pengo la tarehe. Wapo wataalamu wanaomweka kabla ya karne ya 13 na wapo wanaomleta mpaka karne ya 17. Halafu mahali: Pate inamdai, Shaka na Ozi zinamdai, na Wapokomo wa Mto Tana wana masimulizi yao ambayo hayaombi ruhusa kwa ya Waswahili. Kisha kifo chenyewe: masimulizi hayakubaliani kama aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni alikuwa mwanawe au mpwawe, na katika kisa cha usaliti wa nasaba tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Vyanzo vilivyochapishwa vipo. Edward Steere alikitoa kisa hicho mwaka 1870 kutokana na masimulizi aliyoyapata Unguja, na Kijuma aliutunga utenzi wake mwaka 1913, ambao Abdilatif Abdalla aliuhariri na ukachapishwa mwaka 1973. Hivi vinakubalika katika tanbihi. Mzee wa Ozi anayekijua kisa kwa mapokezi ya baba na babu hakubaliki, kwa kuwa hana mchapishaji.

Tazama basi kinaya kilichopo. Steere naye aliandika alichoambiwa. Chanzo chake kilikuwa kinywa cha mtu wa Unguja, mbali na Ozi, na kinywa hicho kilipotiwa ndani ya jalada huko London kikageuka kuwa ushahidi. Kanuni haikatai fasihi simulizi. Huikubali pindi mtu wa nje anapokwisha kuipa nambari ya ukurasa.

Kuna neno moja ambalo linaonyesha mgongano huu vizuri kuliko mjadala wowote wa nadharia, nalo ni "inasemekana". Katika mwongozo wa mtindo wa toleo la Kiingereza, misemo ya jinsi hii huhesabiwa kuwa ya kukwepa, na mhariri anaagizwa aiondoe au ataje aliyesema. Lakini katika masimulizi ya Kiswahili "inasemekana", sawa na "wakale walinena", si njia ya kukwepa. Ni namna ya kutaja chanzo. Humwambia msikilizaji kwamba neno hili si langu, ni la jamaa, na kwamba jamaa imelihifadhi bila mtu mmoja kulimiliki. Mhariri anayelifuta kwa kufuata kanuni huipa sentensi sura ya uhakika ambayo masimulizi hayakuwahi kuidai: "Inasemekana Liyongo alizikwa Ozi" inakuwa "Liyongo alizikwa Ozi". Kwa jina la usahihi, kauli ya tahadhari imegeuzwa kuwa kauli ya ujasiri. Yeyote aliyefundisha fasihi simulizi angelitengua rekebisho hilo saa hiyo hiyo.

Ushahidi kwamba mlango huo hutikisika ukisukumwa upo. Mwaka 2010, wimbo wa kundi la Kenya Just a Band ulipomzaa upya Makmende na nchi nzima ikawa inatunga vichekesho juu yake, makala yake katika toleo la Kiingereza yalifutwa zaidi ya mara moja na wahariri wa mbali ambao hawakuona ushahidi wa umaarufu wake. Wakenya waliyarudisha mpaka yakabaki. Shujaa wa mitaani aliyejulikana na kila utingo wa matatu alihitaji magazeti ya kigeni yamtaje ndipo aweze kuwapo. Mwaka uliofuata, mradi mmoja wa majaribio nchini India na Afrika Kusini ulirekodi mahojiano na wajuzi wa michezo, mapishi na desturi, na sauti zao zikatumika kama tanbihi katika makala ya Kimalayalam, Kihindi na Kisepedi. Jaribio hilo halikubadilisha kanuni. Lilionyesha tu kwamba kanuni ni tungo ya watu, nayo pia ina historia ya marekebisho.

Katika rafu za idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zimo tasnifu za uzamili ambazo watafiti wake walikwenda nyanjani, wakaketi na wazee, wakarekodi, wakanukuu na kutaja majina, umri na vijiji vya waliowahoji. Kwa mujibu wa kanuni za kamusi elezo, tasnifu iliyopita mbele ya watahini na kuwekwa maktabani ina nafasi ya kutajwa ambayo kinywa cha mzee peke yake hakina. Maana yake ni kwamba ile tofauti baina ya Steere na mzee wa Ozi imekwisha kuzibwa mara nyingi, na wanafunzi wetu wenyewe, kwa lugha yenyewe. Lililobaki ni mtu wa kuifungua tasnifu, kulitafuta dai linalohusika, kubonyeza neno hariri na kuandika tanbihi. Kazi hiyo haipandishi cheo. Haihesabiwi katika fomu yoyote ya tathmini ya wahadhiri, na jina la aliyeifanya halitaonekana ila kwa msomaji atakayefungua historia.

Mwalimu Sikujua alipoulizwa kisa kilichozaa shairi fulani la Muyaka, jibu lake liliandikwa na likabaki na shairi hilo, ndiyo maana Abdulaziz aliweza kulitumia karibu miaka 90 baada ya kufariki kwake. Nafasi kama hiyo imo katika kila makala ya kamusi elezo, chini ya neno majadiliano. Katika makala mengi ya watunzi wa Kiswahili ukurasa huo, ukiubonyeza, unaambiwa kwamba bado haujaanzishwa.